Simamisha Hadithi Katikati

Msikilizaji, mwite mtoto wa gredi ya tatu hapo Mtongwe, Mishomoroni au Chaani, Mombasa, umpe ukurasa mmoja wa Kiswahili. Huenda akausoma mbio, asikwame. Sasa funika kitabu umuulize: bwana wa hadithi hii amekasirika kwa nini? Wengi hapo hunyamaza.

Kusoma na kuelewa ni mambo mawili. Kuanzia 2009, wapimaji wa mradi wa Uwezo walipita majumbani wakimpandisha mtoto ngazi za kusoma: herufi, neno, aya, hadithi. Akishaisoma hadithi, aliulizwa maswali. Mwaka 2015 mpango wa kusoma wa Tusome ukafikisha vitabu katika shule za umma kote nchini Kenya, kila mtoto wa madarasa ya mwanzo na chake, na maneno anayosoma kwa dakika yakahesabiwa. Mwendo una faida, kwani anayekokota silabi hufika mwisho wa sentensi ameshausahau mwanzo. Lakini mwendo pekee hautoshi.

Hadithi ndiyo inayomfanya mtoto afikiri, ila lazima tuisimamishe. Chukua kisa cha kima na papa, kilichosimuliwa Unguja, naye Edward Steere akakichapisha mwaka 1870. Papa amempakia kima mgongoni. Wamefika katikati ya bahari ndipo anamwambia: sultani wetu mgonjwa, na dawa yake ni moyo wa kima. Basi, nyamaza hapo! Muulize mwanao: kima afanyeje? Na mbona papa hakulisema hili walipokuwa pwani? Mtoto wa Likoni aliyezoea feri anajua kwamba katikati ya maji hapana pa kushukia. Atajibu. Kisha endelea, alinganishe hila yake na ya kima. Kesho akisimulie upya, safari hii yeye ndiye papa.

Mwalimu atasema, darasa langu limefurika, nitamuuliza nani nimwache nani? Uliza swali moja, kila mmoja amjibu mwenzake wa dawatini, halafu wawili watatu wasimame waseme. Dakika tano zatosha.

Nawe mama usiyejua kusoma, usijitoe. Mwanao akisoma, wewe uliza: "Ehe, halafu?" Akijibu, muulize: "Kwa nini?" Maswali hayo hayahitaji cheti.

Siku ya mtihani, kifungu cha ufahamu hakitamuuliza mtoto amekisoma kwa dakika ngapi. Kitamuuliza nani alifanya nini, na kwa sababu gani. Tuanze kumzoesha jioni ya leo.