SHAWA YA UMEME IKIHARIBIKA

(Mazungumzo tuliyoyatoa mbele ya wahitimu wa kisomo cha watu wazima)



Leo tunataka tuzungumze juu ya shawa ya umeme. Wengine watasema, "Aa, hayo ni mambo ya mjini." La, siku hizi si ya mjini tu. Sheria ya Nishati Vijijini ilipitishwa mwaka 2005, na Wakala wa Nishati Vijijini, yaani REA, ulianza kazi mwaka 2007. Tangu hapo nguzo za umeme zimefika vijiji vingi. Nguzo ikifika, kwanza huja taa. Kisha huja redio na pasi. Na mwenye tangi la maji juu ya mnara, siku moja hurudi kutoka mjini na shawa ndani ya boksi.

Nasi tulirudi nayo. Huku kwetu Singida asubuhi za Juni na Julai zina baridi na upepo. Bibi yetu ana miguu inayouma, na maji ya moto humsaidia. Basi tulifurahi sana. Lakini shawa hiyo hiyo ilitaka kutuulia Bibi. Tunawasimulia yaliyotupata, ili yasiwapate ninyi.

YALIYOTUPATA

Shawa ilifanya kazi vizuri kwa muda wa mwaka mmoja hivi. Kisha siku moja maji yakatoka ya baridi. Kijana wetu akapanda juu ya kiti, akaifungua, akabadilisha koili, akaifunga. Maji yakawa moto. Tukampongeza sana.

Kesho yake Bibi aliingia kuoga. Alipomaliza akashika bomba la chuma ili afunge maji. Tukasikia ukelele. Bibi alikuwa amepigwa shoti! Bahati njema mkono wake uliachia. Alianguka, akaumia goti, lakini alipona. Sisi tulikimbilia breka kubwa, tukazima umeme wa nyumba nzima.

Tukamwuliza kijana, "Ulifanya nini kule juu?" Akasema, "Waya ni tatu. Ule wa kijani na njano niliukata nikaukunja pembeni, maana hauna kazi. Hata bila huo maji yanapata moto."

Jamani, sikilizeni vizuri hapo. Ni kweli, maji yanapata moto bila waya ule. Lakini waya ule ndio mlinzi wa nyumba. Unaitwa waya wa athi. Umeme ukivuja, waya huo huupeleka ardhini. Ukiukata, umeme hutafuta njia nyingine. Siku ile njia ilikuwa mwili wa Bibi.

SHAWA INAFANYAJE KAZI?

Ndani ya shawa mna koili, kama ile ya jiko la umeme. Koili hiyo imo ndani ya maji yenyewe. Mna pia kipande cha mpira. Ukifungua bomba, maji husukuma ule mpira, na mpira hugusanisha umeme. Koili hupata moto, na maji yanayopita juu yake hupata moto papo hapo. Ukifunga bomba, mpira hurudi, na umeme hukatika.

Kwa sababu koili imo ndani ya maji, umeme kidogo huweza kupita katika maji. Maji yenye chumvi hupitisha umeme zaidi kuliko maji ya mvua. Na maji ya visima virefu vingi huku kwetu yana chumvichumvi. Kwa hiyo ziko shawa zilizotengenezwa kwa maji ya chumvi. Koili yake imefunikwa, haigusi maji. Sisi hatukujua. Tulinunua ile ya bei ndogo.

TUSOME KIBANDIKO

Kila shawa ina kibandiko chenye herufi na namba. Pengine maneno yake ni ya lugha ya kigeni. Msiogope. Herufi V na W ni zile zile kila mahali, na namba ni zile zile tulizojifunza darasani.

V ni volti. Umeme wa nyumbani kwetu ni volti 230. Basi kibandiko kiseme 220, au 230, au 220–240. Kikisema 110 au 127, usinunue.

W ni wati, yaani nguvu. Shawa nyingi zina wati 5,500 au karibu na hapo. Taa moja ya siku hizi ni wati 10 hivi. Kwa hiyo shawa moja ni sawa na taa 550 zilizowashwa pamoja! Gawanya 5,500 kwa 230, utapata karibu 24. Hizo ni ampia 24 zinazopita katika waya. Waya mwembamba wa taa hauwezi mzigo huo. Utapata moto, utayeyuka, na nyumba itaungua.

Na gharama je? Shawa ya wati 5,500 ikiwaka dakika 10 hula karibu uniti 1 ya LUKU. Watu watano wakioga dakika 6 kila mmoja, ni nusu saa, yaani uniti 2.75. Piga hesabu kabla ya kununua.

TUTAFUTE UBOVU

Shawa ikiharibika, usikimbilie bisibisi. Tafuta sababu kwa utaratibu.

Kwanza, tazama kama umeme upo. Uniti za LUKU zimekwisha? Taa nyingine zinawaka? Breka ya shawa imeshuka? Ikiwa imeshuka, ipandishe mara moja tu. Ikishuka tena, iache. Breka inakuambia kuna hatari. Usiishikilie, wala usiifunge kwa kipande cha waya.

Pili, tazama nguvu ya maji. Maji yakitoka kidogo kidogo, hayawezi kusukuma ule mpira, na koili haiwaki. Huenda matundu ya shawa yameziba kwa chumvi na mchanga. Zima breka, fungua kile kisahani chenye matundu, kiloweke katika siki, kisha kisugue kwa mswaki wa zamani. Tazama pia tangi. Kina cha maji kiwe juu ya shawa kwa mita 1 au zaidi. Tangi lililo sawasawa na shawa halifai.

Tatu, maji yakitoka kwa wingi lakini ni ya uvuguvugu tu, punguza bomba kidogo. Maji mengi hupita haraka, hayapati nafasi ya kupata moto. Tazama pia kile kitufe cha kupunguza na kuongeza moto. Ukitaka kukigeuza, funga maji kwanza.

Nne, kama umeme upo, na maji yana nguvu, lakini ni baridi kabisa, basi koili huenda imekatika. Ya kwetu ilikatika kwa sababu maji yalikwisha tangini, hewa ikaingia, na koili ikawaka pakavu.

Tano, ukisikia harufu ya kuungua, au ukiona waya umebadilika rangi, acha kabisa kuitumia. Waya ni mwembamba au umelegea.

Sita, ukisikia mwili unakuchonyota ukigusa bomba au maji, hata kidogo tu, toka. Zima breka. Usiseme, "Ni kidogo, nitazoea." Shoti haizoeleki.

FUNDI ALIVYOIBADILISHA

Baada ya ajali ile tulimwita fundi mwenye leseni. Huku Tanzania leseni za mafundi wa kufunga umeme hutolewa na EWURA. Usione haya kumwambia fundi, "Ndugu, tuonyeshe leseni yako." Wewe sasa unajua kusoma. Isome.

Fundi alikuta kwamba waya wa shawa ulitolewa kwenye taa ya bafuni. Ulikuwa umeungua kwenye maungio. Kwa hiyo shoti ya Bibi ilikuwa ajali ya kwanza, na moto ungekuwa wa pili. Tulisimama tukamwangalia kazi yake, na hatua zake ni hizi:

1. Alizima breka kubwa ya nyumba. Hakuridhika na swichi ya bafuni. Kisha akatuomba karatasi. Bibi mwenyewe, aliyejifunza kusoma ukubwani, akaandika: USIWASHE. MTU YUKO KAZINI. Tukaibandika hapo penye breka.

2. Kabla ya kuzima alikuwa ameijaribu testa yake penye umeme, aone kama ni nzima. Baada ya kuzima akapima kila waya wa shawa. Testa mbovu humdanganya mtu.

3. Alivuta waya mpya kutoka kwenye boksi la breka mpaka bafuni, wa shawa peke yake. Waya huo ni wa milimita 4 za mraba. Alisema kama bafu ingekuwa mbali angeweka wa 6. Akaweka breka yake ya ampia 32. Akaongeza na breka ya uvujaji, ya miliampia 30. Hiyo hukata umeme haraka sana umeme ukianza kuvuja.

4. Alifunga maji, akafungua shawa ya zamani. Kisha akafungua maji kidogo ili uchafu utoke katika bomba.

5. Alizungusha tepu nyeupe ya mabomba kwenye nyuzi za bomba, akafunga shawa mpya kwa mkono tu. Shawa ni plastiki. Ukiikaza kwa spana itapasuka.

6. Aliunga waya wa athi kwanza, ule wa kijani na njano. Akapima kama kweli unafika ardhini. Kisha akaunga zile mbili nyingine kwa kiunganishi cha kauri chenye skrubu. Hakuzisokota na kuzizungushia tepu.

7. Umeme ukiwa bado umezimwa, alifungua maji yakatoka vizuri kwa muda. Hatua hii msiisahau! Ukiwasha umeme shawa ikiwa haina maji ndani, koili mpya itakatika siku ile ile.

8. Ndipo akawasha umeme. Hakuna mtu aliyesimama chini ya shawa. Alipima maji na bomba kwanza. Akabonyeza kitufe cha kujaribia breka ya uvujaji, nayo ikakata umeme. Akatuambia tukibonyeze kila mwezi.

MTU AKIPIGWA SHOTI

Usimshike kwa mkono, nawe utanaswa. Zima breka kwanza. Ikiwa breka iko mbali, simama pakavu, umsukume kwa mti mkavu. Kama hapumui, anayejua kumsaidia kupumua aanze mara moja, na wengine watafute gari. Hata akisema amepona, mpelekeni kituo cha afya. Umeme huweza kuumiza moyo bila kuacha alama.

MWISHO

Kuna atakayesema, "Mambo yote hayo ni ghali." Ni kweli, ni ghali. Waya na breka zilitugharimu kuliko shawa yenyewe. Asiye na uwezo wa kufunga waya wa athi, asifunge shawa. Achemshe maji kwa sufuria, aoge kwa ndoo. Hakuna aibu. Sisi wenyewe tulioga kwa ndoo miezi mitatu tukikusanya fedha.

Kijana wetu hatukumpiga wala hatukumfukuza. Hakuwa mjinga, alikuwa hajui tu. Na kutojua huondolewa kwa kusoma. Ile karatasi ya Bibi tumeitunza. Kila fundi akija, huning'inia penye breka.

Ndugu zetu, rudini nyumbani leo, mtazame shawa zenu. Hesabuni waya. Ni tatu, au ni mbili? Zikiwa mbili, zimeni breka leo hii.

MASWALI YA KUZUNGUMZA KATIKA KIKUNDI

1. Waya wa athi una kazi gani?
2. Shawa ya wati 4,600 kwa volti 230 hupitisha ampia ngapi?
3. Kwa nini tunafungua maji kabla ya kuwasha umeme wa shawa mpya?