Chuma Hakidanganyiki: Hotuba juu ya Mafunzo ya Ufundi wa Mitambo



Katika sikukuu ya yubile ni desturi njema kuwakumbuka waliotutangulia. Wenzangu wamekwisha kuwataja maaskofu, makatekista na walimu wa kwanza, na ni haki yao kutajwa. Mimi nimepewa kazi ya kusema juu ya watu watajwao mara chache: mafundi wa mitambo, na vyuo viwafundishavyo. Neno langu ni moja. Yatupasa kuwapeleka watoto wetu katika vyuo hivyo kwa heshima, kama tuwapelekavyo wengine kuwa walimu na waganga. Maana ufundi ule ni shule ya ukweli, na nchi isiyokuwa nao hutumikia wageni hata katika shamba lake yenyewe.

Katika Kitabu cha kwanza cha Samweli, mlango wa kumi na tatu, twasoma ya kuwa Wafilisti waliwanyima Waisraeli ufundi wa chuma, wasije wakajifanyia silaha. Basi mkulima, jembe lake likiwa butu, alishika njia kwenda kwa adui zake kulinoa, naye akatozwa fedha. Ardhi ilikuwa yake, mvua alipewa na Mungu, lakini makali ya jembe aliyanunua kwa mtu asiyempenda.

Sasa tutazame kwetu. Kinu cha mahindi kikisimama kwa sababu ya mhimili uliolika, kina mama hurudi na mizigo yao vichwani, wakatafute kinu kingine mbali. Pampu ya kisima ikifa kwa kukosa bushi ndogo kuliko kidole gumba, kijiji kizima hurudia maji ya bwawa, na watoto huugua matumbo. Mara nyingi chuma chenyewe kipo, na fedha za kukinunua zaweza kuchangwa. Tunayemkosa ni mtu ajuaye kukikereza chuma kile kwa kipimo chake.

Wala tusiseme ya kuwa mambo haya ni ya Wazungu peke yao. Wahunzi wa Upare walifua majembe na kuyauza hata Uchagani. Wafipa walijenga tanuru ndefu za udongo, wakayeyusha mawe ya chuma. Na katika Buhaya wachimbuzi wa mambo ya kale wameonyesha ya kuwa chuma kiliyeyushwa huko yapata miaka elfu mbili iliyopita. Nao wamisionari walijua thamani ya kazi hiyo. Wale waliofika Unguja mwaka 1860 kutoka kisiwa cha Réunion walifungua karakana pamoja na shule na hospitali. Kule Bagamoyo, tangu mwaka 1868, na kule Freretown, tangu mwaka 1875, watoto waliookolewa katika utumwa walifundishwa kusoma, na pamoja na kusoma walifundishwa kazi za mikono.

Tukumbuke pia meli ya misheni katika ziwa Nyasa, iliyopewa jina la Askofu Chauncy Maples, aliyekufa maji katika ziwa lile mwaka 1895. Meli hiyo iliundwa Glasgow, ikafunguliwa vipande 3,481, ikavushwa bahari, ikapandishwa mito, na birika lake kubwa la mvuke likakokotwa nchi kavu kwa nguvu za mamia ya watu. Mwaka 1901 ilishushwa ziwani. Hebu fikirini: kama matundu ya bamba moja yasingelingana na matundu ya bamba la pili, kazi yote ya wale waliokokota ingekuwa bure. Jasho la mamia lilitegemea uaminifu wa watu wachache waliopima.

Basi, huyo mwanafunzi wa chuo hufundishwa nini? Kwanza husimamishwa mbele ya jiliwa, akapewa tupa na kipande cha chuma, akaambiwa akifanye kiwe na pande zilizonyoka na pembe zilizo sawa. Kazi hiyo huchukua siku nyingi, na wengi huichukia. Lakini hapo ndipo mkono unapofundishwa kutii jicho, na jicho kutii kipimo. Kisha hufundishwa kuchora na kusoma michoro, kutoboa kwa keekee, kukereza, kuchonga meno ya magurudumu, kusaga kwa jiwe, na kuunga vyuma kwa moto. Leo kuna na mashine ziongozwazo na kompyuta. Mashine hizo ni za ajabu, ila hufuata neno lolote uliloliandika: ukiweka tarakimu moja mahali pasipo pake, kisu huingia katika chuma kwa nguvu zote, kikavunjika.

Katika mambo haya yote kiini ni kimoja, nacho ni kipimo. Chombo kiitwacho maikromita hupima sehemu ya mia ya milimita. Karatasi ya kawaida ina unene wa sehemu kama kumi za namna hiyo. Mtu atasema, ya nini kusumbuka na kitu kidogo hivyo? Mhimili wa milimita 25 ukipungua sehemu tano za mia, pete ya beringi huteleza juu yake, ikapata moto, ikaula mhimili. Ukizidi kiasi kile kile, pete hutanuka, gololi hubanwa, nazo hufa kabla ya wakati. Katika ufundi huu neno “karibu sawa” ni jina lingine la “si sawa.”

Tena kuna jambo la joto. Fimbo ya chuma cha pua yenye urefu wa mita moja hurefuka yapata sehemu kumi na mbili za elfu za milimita kwa kila nyuzi moja ya joto. Kwa hiyo tangu mwaka 1931 mataifa yamepatana ya kuwa vipimo vya viwandani vihesabiwe katika joto la nyuzi 20. Chukua mhimili wenye unene wa milimita 100, umetoka sasa hivi katika kukerezwa, una joto la nyuzi 60. Mwanafunzi mwenye haraka huupima, akauona sawasawa, akafurahi. Ukipoa hata nyuzi 20 umepungua karibu sehemu tano za mia, na kazi imeharibika. Aliyefundishwa hungoja. Hata subira ni sehemu ya hesabu.

Mtu mmoja katika historia ya kazi hii afaa kujulikana kwenu. Ni Joseph Whitworth, Mwingereza aliyezaliwa mwaka 1803. Zamani zake kila karakana ilikuwa na skrubu zake, na nati ya karakana moja haikuingia katika skrubu ya nyingine. Mwaka 1841 yeye alitoa shauri la kipimo kimoja kwa wote: pembe ya jino nyuzi 55, na idadi ya meno kwa kila unene, skrubu ya robo inchi meno 20 katika inchi, ya nusu inchi meno 12, ya inchi moja meno 8. Siku hizi sehemu kubwa ya ulimwengu hutumia skrubu za milimita zenye pembe ya nyuzi 60, lakini shauri ni lile lile: watu wasioonana wakipatana juu ya kipimo, kazi zao huungana.

Tena alieneza njia ya kupata uso wa chuma ulionyoka kabisa. Ukisugua mabamba mawili, yaweza kulingana kila mahali, kumbe moja limebonyea na lingine limevimba, na upotovu wa moja umefichwa na upotovu wa pili. Lete bamba la tatu, uyalinganishe yote mawili mawili, uyakwangue, na uongo hauna mahali pa kujificha. Wazee wa kanisa na wazazi wa arusi watalielewa neno hilo: wawili waweza kupatana katika kosa.

Mwaka 1868 Whitworth alitoa mali yake mwenyewe ili vijana wasomeshwe ufundi wa mitambo, na msaada huo hutolewa hata leo. Naye alitaka vijana wale wawe na elimu ya vitabu pamoja na kazi ya mikono, visitengane.

Hapo ndipo penye hatari yetu. Vijana wengine hutoka vyuoni na cheti chenye alama nzuri, lakini saa walizosimama mbele ya mashine ni chache, kwa sababu mashine ilikuwa moja na wanafunzi walikuwa wengi. Na wengine wamejifunza barabarani kwa miaka, mikono yao ni hodari, lakini hawajui kusoma mchoro wala kuhesabu mizunguko. Wa kwanza ajua jina la ugonjwa, hajui kutibu. Wa pili atibu kwa kubahatisha. Chuo chema huyaunga mambo hayo mawili. Tunavyo vyuo: chuo cha ufundi cha Dar es Salaam, kilichoanza mwaka 1957 na tangu mwaka 1997 huitwa Taasisi ya Teknolojia, Chuo cha Ufundi Arusha, kilichoanzishwa mwaka 1978, na vyuo vya VETA, mamlaka iliyowekwa kwa sheria ya mwaka 1994. Mzazi aendapo kuuliza habari za chuo, asiulize ada tu. Aulize: mashine ngapi zafanya kazi, na mtoto wangu atazishika saa ngapi kwa juma?

Najua lisemwalo nyumbani. Husemwa, “Nimeuza ng’ombe nimsomeshe mwanangu, naye arudi na mikono yenye mafuta?” Nami hujibu: Bwana wetu alilelewa katika nyumba ya seremala, na Mtume Paulo alishona hema ili asiwalemee watu. Mikono yenye mafuta huoshwa kwa sabuni. Ni vigumu zaidi kumwosha kijana aibu ya kukaa barazani miaka mitano akingoja kazi ya kuandika. Wala msiwaache binti zenu. Kazi ya maikromita hutaka utulivu na uangalifu, na mambo hayo Mungu hakuwapa wanaume peke yao.

Basi nawaomba mambo matatu. La kwanza, kila mtaa uchague kijana mmoja, mvulana au msichana, mwenye akili ya hesabu na mkono mtulivu, na wakristo wa mtaa ule wamchangie ada wakati wa mavuno, kama tuchangiavyo bati za kanisa. La pili nawaomba walimu: mfundishapo hesabu, msiyaache mafungu na desimali yabaki ubaoni. Chuma cha unene wa milimita 30, kikikatwa kwa mwendo wa mita 30 kwa dakika, hutaka mizunguko kama 318; cha milimita 60 hutaka nusu yake. Mtoto akiona ya kuwa tarakimu zazungusha chuma, hatauliza tena faida ya hesabu. La tatu ni la wale watakaohitimu. Siku moja mwenye kinu atakuharakisha, atasema, “Acha hivyo hivyo, hakuna atakayeona.” Mwambie, chuma kitaona. Mwanadamu huweza kudanganywa kwa maneno, na mkaguzi kwa bahasha; chuma hakidanganyiki. Kitazunguka siku tatu, nne, kisha kitasema kweli yote mbele ya watu.

Katika sheria ya Musa, mwaka wa yubile ulikuwa mwaka wa kila mtu kurudishiwa urithi wake. Ufundi wa chuma ni urithi wa babu zetu, na wa waliotuletea Injili wakatufundisha kazi pamoja nayo. Kama tumeuacha muda, wazee wametuachia neno: kuvunjika kwa koleo si mwisho wa uhunzi. Na turudi tukauchukue. Mwenyezi Mungu, aliyeziwekea bahari mipaka na nyota hesabu yake, awape watoto wetu mikono ya kweli na macho ya kweli.

Amina.