Saa Kumi na Mbili za Mchana

Somo letu ni Injili ya Yohana, mlango wa 11. Katika mstari wa 9 Bwana Yesu awauliza wanafunzi wake kama mchana hauna saa 12.

Sisi tukaao huku chini ya Mlima Kenya twalijua jibu kuliko wengi. Mstari wa Ikweta unaikata barabara ya Embu na Meru, karibu na mji wa Meru. Kwa hiyo mchana wetu haurefuki wala haufupiki kama ule wa Ulaya: Januari ni saa 12 na dakika chache, na Julai ni hivyo hivyo. Tena lugha yetu huhesabu saa tangu asubuhi, kama walivyohesabu watu wa Biblia. Mungu ametupimia. Mbona basi twaitafuta saa ya 13?

Wahenga walisema haraka haraka haina baraka, lakini mkulima wa kahawa ajua kwamba iko haraka ya haki. Maua ya mvua ya Machi hayawi kahawa nyekundu mpaka Oktoba au baadaye. Hata ukikesha shambani hutayaharakisha. Lakini kahawa ikiisha kuchumwa, sharti ifike kiwandani siku iyo hiyo, ama itaharibika. Vivyo hivyo miraa ya Nyambene hukimbizwa Nairobi, kwa kuwa ikikauka haina mnunuzi. Haraka hiyo imewekwa na mazao yenyewe. Lakini wengi wetu twakimbia mbio za miraa hali hatukubeba hata kibunda kimoja!

Tuulizane leo: ni nani aliyetuagiza? Kengele ya shule ina mwenyewe, na mizani ya kiwanda ina saa yake ya kufungwa, hizo tuziheshimu. Lakini ni nani aliyesema nyumba yetu lazima iezekwe kabla ya ile ya jirani? Ni nani aliyesema palizi yote iishe kabla ya Jumamosi, hata mtoto anayetaka kutueleza neno aambiwe, "Ngoja"? Mara nyingi hakuna aliyesema. Ni hofu yetu wenyewe, hofu ya kuonekana wavivu au kuachwa nyuma, nasi twaitii kama bwana.

Mtazameni Yesu. Lazaro alipougua, dada zake walituma habari, naye akakaa siku 2 zaidi pale alipokuwa. Kisha wanafunzi wakajaribu kumzuia asiende Uyahudi, wakiogopa atapigwa mawe, naye akaenda. Haraka ya wengine haikumsukuma, wala hofu yao haikumchelewesha. Alipofika, Lazaro amekuwa kaburini siku 4, na Martha akamwambia waziwazi kwamba kama angalikuwapo, ndugu yake hangalikufa. Kwa saa ya Martha, Yesu amechelewa mno. Mtu aliyechelewa hivyo, tena mwenye uwezo wa kumfufua maiti, tungedhani atakwenda mbio mpaka kaburini. Lakini alipowaona wakilia, naye alilia.

Hapo ndipo haraka yetu hutuhukumu. Twapita nje ya boma lenye matanga, twapunga mkono, twasema, "Tutarudi." Mgonjwa wa kijiji twamwahidi Jumapili ijayo, na Jumapili ikifika, yeye hayupo. Kazi tuliyoiacha leo twaweza kuikuta kesho. Mtu, pengine hatutamkuta.

Basi jioni ya leo, jua likiisha kuzama upande wa mlima, tuchague kazi moja ya kesho ambayo hakuna aliyetuagiza ila hofu yetu, tuiache. Nafasi hiyo tumpe mtu mmoja tuliyemwambia, "Ngoja." Saa 12 alizotupa Mungu zatosha kwa kazi aliyotupa Mungu. Zisizotosha ni kwa zile kazi tulizojipa wenyewe.

Bwana atupe moyo mtulivu, na macho ya kumwona aliye mlangoni. Amina.