Muhumula Nani Aliupanda?

Katika kibanja cha Karagwe na Kyerwa, chini ya migomba mna maharage, kati yake kahawa, na juu ya vyote husimama mtoma na muhumula. Robusta yetu huvumilia kivuli. Wazee walilijua hilo kabla ya bwana shamba yeyote kulisema. Siku hizi kijana akiisha kugawiwa urithi, mara nyingi humwita kwanza mchoma mkaa.

Tumwulize: muhumula ule nani aliupanda? Huenda si babu. Hondohondo humeza tunda lake, kisha huidondosha mbegu mbali, pasipofika jembe. Tukiuangusha mti wa mwisho wenye matunda, twamfukuza na mpanzi mwenyewe.

Mwaka 2019 mapori ya Ibanda na Rumanyika yalifanywa Hifadhi za Taifa. Ni vema, lakini ndege hasomi mabango ya mpaka, na riziki yake nyingine i vibanjani mwetu. Hata Torati (Kumb. 22:6-7), ikimruhusu mtu kutwaa makinda, yamwamuru amwachilie mama yao.

Basi, urithi unapogawanywa, kamati zetu za haki na amani ziulize pia habari za miti: upi ubaki, na nani atajibu ukiangushwa. Mjane mwenye kahawa ng'ambo ya mpaka hutegemea kivuli kile kile, wala hakuna amwulizaye.