Samaki wa kwetu ndani ya kioo

Tangi la samaki limekuwa pambo la sebule na la mapokezi ya nyumba za wageni. Ukilikuta Njombe mjini au kule Makambako, watazame vizuri wakazi wake. Yule mwekundu mwenye mkia uliochongoka kama upanga, asili yake ni Mexico na nchi zilizo jirani nayo. Yule mweusi tii, anayeitwa moli, naye katoka huko huko. Yule wa rangi ya dhahabu alianza kufugwa China miaka elfu moja na zaidi iliyopita. Wa kwetu hayumo.

Sina ugomvi na wageni hao. Ninachouliza ni kwa nini mtoto wa Njombe awajue samaki wa Mexico, na asiwajue wale wa mto anaouvuka akienda shule.

Huko Marekani wapo waliojiuliza swali la namna hiyo zamani. Mtu huingia katika kijito kilicho karibu na nyumba yake akiwa na wavu mdogo, akachukua samaki wawili watatu wenye urefu wa kidole, ambao madume yao hugeuka rangi nyekundu na buluu wakati wa kuzaana, akawafuga ndani. Wana chama chao, North American Native Fishes Association, kilichoanzishwa mwaka 1972. Mara nyingi hawahitaji hita, kwani samaki wamezaliwa katika hali ya hewa ile ile. Na kabla ya kuchovya wavu husoma kwanza sheria ya jimbo lao, maana wapo samaki ambao ni marufuku kuwagusa.

Sisi tuna utajiri kuliko wao. Mto Ruhudji unatoka Njombe kwenda Kilombero. Mbarali unashuka Usangu na kuingia Ruaha Mkuu. Ruhuhu unapita Ludewa na kumwaga maji yake Ziwa Nyasa. Katika ziwa hilo wataalamu wanakadiria aina za samaki kuwa zaidi ya 700, na karibu wote hawapatikani penginepo duniani. Wale wa kwenye miamba, wanaoitwa mbuna, wana rangi za buluu, manjano na machungwa ambazo mtu angedhani zimepakwa. Jike hubeba mayai yake mdomoni kwa muda wa wiki tatu hivi bila kula chakula cha maana, mpaka watoto waweze kuogelea. Mbuna wamefugwa Ulaya na Marekani tangu miaka ya 1960. Yuko mmoja ambaye wafugaji wa huko humwita kwa jina la kisiwa cha Hongi, kilichoko upande wetu wa ziwa katika Mkoa wa Ruvuma. Kwa hiyo yuko Mjerumani anayelitaja jina la Hongi kila anapolisha samaki wake, na sisi tulio jirani hatujawahi kulisikia.

Huko Kilombero kuna kioja kingine. Katika madimbwi ya masika huishi samaki mdogo ambaye wataalamu walimpa jina la Nothobranchius kilomberoensis mwaka 2002. Dimbwi likikauka, wakubwa wote hufa. Mayai hubaki ndani ya udongo, na mvua ikinyesha huanguliwa. Wafugaji wa nje hutumiana mayai ya samaki wa jamii hiyo kwa posta, kama mbegu za mchicha.

Sasa tuje kwenye baridi yetu. Njombe iko karibu mita 2,000 juu ya bahari, na Makambako haiko chini sana ya hapo. Mbuna anataka maji ya nyuzi 24 hadi 27. Bila hita, mwezi wa Juni utamzika. Umeme ukikatika usiku, funika tangi kwa blanketi zito. Maji mengi hupoa polepole. Mbuna ni mgomvi pia, kwa hiyo mjengee mapango ya mawe. Asiyetaka gharama ya hita aanze na visamaki vya vijito vyetu, wale wa jamii moja na kuyu, ambao baridi hiyo ndiyo kwao. Hao wanahitaji zaidi pampu ya hewa na maji yanayotembea.

Tangi la sentimita 90 kwa 40 kwa 40 huchukua lita 144, yaani kilo 144 za maji bila kuhesabu kioo na mawe. Meza ya kahawa haitabeba. Lijaze, washa chujio, utie samaki mmoja au wawili tu mwezi wa kwanza, kwani vijidudu vinavyoondoa sumu ya mkojo wao havijazaliana. Wengi huua samaki katika wiki hizo, kisha wakasema wamerogwa. Kabla ya kuvua, mwone afisa uvuvi wa halmashauri akueleze kinachoruhusiwa.

Liko jambo moja linalonitia hofu. Samaki wa Marekani tayari wapo katika mito ya Nyanda za Juu Kusini: ni trauti, aliyepandikizwa na Waingereza wakati wa ukoloni ili wapate mchezo wa ndoana. Naivasha, nchini Kenya, walipandikiza besi kutoka Marekani mwishoni mwa miaka ya 1920. Ziwa lile lilikuwa na aina moja tu ya samaki wa asili, tena mdogo. Mara ya mwisho kuonekana humo ni mwaka 1962, na anayeshukiwa zaidi ni besi.

Kwa hiyo ukihama, au ukichoka na tangi lako, wape samaki jirani au shule, au warudishe kwa aliyekuuzia. Usiwamwage mtoni, hata kama kijito kiko hatua kumi nyuma ya jiko. Na hili linamhusu pia mbuna wa Ludewa, ambaye ndani ya Ruhudji ni mgeni sawasawa na yule wa Mexico, ingawa mkoa ni mmoja.