Fomu Inayotoka kwa Aliyekupiga

Msikilizaji, mchukulie mkulima wa alizeti hapa Mungaa aliyepigwa akiwa mahabusu. Akitaka kutibiwa na kupata ushahidi wa majeraha, kwa kawaida ataulizwa fomu ya PF3. Fomu hiyo hutolewa polisi, pengine kwenye kaunta ileile anaposimama aliyempiga. Mimi naona kesi nyingi hufia hapo, kabla hata ya mwanasheria kutafutwa.

Ibara ya 13 ya Katiba ya Tanzania inakataza mtu kuteswa. Lakini anayetaka fidia kutoka Serikalini lazima kwanza atoe notisi ya siku 90, kisha afungue shauri Mahakama Kuu, si ile ya mwanzo iliyo jirani naye. Nauli peke yake ni madebe ya mahindi.

Tume ya Haki za Binadamu na Utawala Bora hupokea malalamiko, ila mapendekezo yake si hukumu. Wenzetu Kenya walianzisha mwaka 2011 mamlaka huru ya kuwachunguza polisi, IPOA. Sisi mlalamikaji bado tunamrudisha kituoni, kwa mkuu wa askari huyohuyo anayemlalamikia. Naomba wabunge wetu waanzie na hiyo PF3: itolewe na zahanati.