Juu ya Kukuza Ghala la Hesabu Zetu

(Hotuba iliyosomwa mbele ya wajumbe wa vyama vya msingi, Kaloleni, Arusha)



Sisi makarani wa kompyuta tumepewa nafasi ya kusema machache juu ya kazi yetu, nasi twashukuru, maana ni nadra kazi hii kutajwa ila siku inapoharibika. Hapa Kaloleni ndipo Halmashauri Kuu ya TANU ilipokaa mwezi wa Januari 1967 na kupitisha Azimio la Arusha, na jengo lile sasa ni makumbusho. Siku zile hesabu ya kahawa ya mkulima wa Meru iliandikwa kwa wino, na daftari likijaa karani alifungua jingine. Leo daftari ni hifadhidata, nayo pia hujaa.

Hifadhidata yetu ni ya majedwali yanayohusiana, kwa kanuni aliyoieleza E. F. Codd wa IBM mwaka 1970: jedwali la wanachama, la mizani, na la malipo, yakiunganishwa kwa namba ya uanachama. Lakini ndani ya diski kuna mafaili mawili makubwa: faili la data, na faili la kumbukumbu ambamo kila badiliko huandikwa kwanza. Faili likijaa, programu hulikuza yenyewe.

Wengi wakisikia hayo hudhani kazi imekwisha. Tuchukue SQL Server. Katika matoleo yaliyotangulia lile la 2016, faili la data lisiporekebishwa lilikua kwa megabaiti 1 tu kila mara, na la kumbukumbu kwa asilimia 10. Kupata gigabaiti 1 kwa mwendo huo ni kusimama mara 1,024. Nayo asilimia 10 ina hila: kumbukumbu ya gigabaiti 200 hudai 20 kwa mkupuo mmoja, na nafasi hiyo hujazwa sufuri yote kabla ya kutumika. Wakati huo mzee aliyeteremka na kahawa yake tangu alfajiri amesimama dirishani akingoja stakabadhi. Tangu 2016 kipimo ni megabaiti 64, lakini hifadhidata iliyohamishwa kutoka toleo la zamani huja na vipimo vyake vya zamani.

Hatua ndogo ndogo huigawa kumbukumbu vipande vingi mno. Umeme ukikatika, jambo ambalo mtu wa Arusha hahitaji kuelezwa, programu ikiwaka tena hukawia kuvipitia vipande hivyo kabla ya kumfungulia mtu yeyote.

Sasa tunaomba wajumbe wasikilize sana. Pale hifadhidata ilipopangwa kutunza kumbukumbu kamili, nafasi iliyokwisha kutumika haiachiliwi mpaka nakala ya kumbukumbu ichukuliwe. Nakala isipochukuliwa, faili hukua hata likaimaliza diski, na kosa namba 9002 hutokea. Hapo mkulima aweza kusomewa salio lake, lakini hawezi kulipwa, wala kilo zake haziingii. Kununua diski kubwa bila kuchukua nakala ni kuahirisha siku hiyo tu.

Wako wanaoshauri mafaili yapunguzwe kila msimu uishapo. Hatukubaliani nao, msimu ujao yatakua tena, na taabu itaanza upya.

Kwa hiyo tumependekeza hivi. Kabla mavuno hayajaanza tutapima ongezeko la misimu iliyopita, kisha tukuze mafaili mara moja, usiku, wakati dirisha limefungwa. Kujikuza tutakuacha kuwepo kwa ajili ya dharura, kwa megabaiti zilizotajwa, si kwa asilimia. Kila faili litawekewa kikomo. Ni kweli kikomo nacho husimamisha kazi, lakini diski hubakia na nafasi ya kuokolea. Nakala ya kumbukumbu itachukuliwa kila nusu saa, na kila Jumatatu karani mmoja ataandika nafasi iliyobaki na kuipeleka kwa Meneja. Wenzetu wa vyama vinavyotumia Oracle wakumbuke kwamba faili la kawaida lenye vipande vya kilobaiti 8 huishia karibu gigabaiti 32, hata diski ikiwa tupu. Yafaa waongeze faili la pili mapema.

Ombi letu kwa Halmashauri ni diski ya pili, ya kumbukumbu peke yake, ifungwe kabla ya mizani ya kwanza ya msimu.